Ukurasa Unaotoa Shikamoo

Soni, Lushoto,
14 Januari 2025.

Mpendwa binamu Zuhura,

Salamu tele kutoka milimani. Shikamoo sikupi, usijivune. Kunitangulia kuzaliwa kwa msimu mmoja wa plamsi si ukubwa. Hujambo lakini? Joto la Dodoma umelizoea, au bado unalala na ndoo ya maji ubavuni? Sisi wazima. Ukungu umetulalia tangu juzi, mama anakohoa kidogo, ila sokoni haachi kwenda.

Sasa keti. Binamu yako aliyeishia kidato cha pili ni fundi wa tovuti. Ndiyo, mimi. Nassoro mwenye duka la kutoa kopi ananifundisha jioni wateja wakipungua. Kwanza unasimamisha boriti na fito, hiyo ni HTML. Kisha unakandika na kupaka rangi, hiyo ni CSS. JavaScript ndiye mwenye nyumba, anayeitikia ukipiga hodi. Wewe na diploma yako, ulilijua hilo?

Kinachoninyima raha ni seva. Nassoro anasema ukurasa wangu hauishi dukani kwake, unakaa kwenye mashine ya mbali isiyozimwa, na ukiuita unakuja. Nikamuuliza unapita njia gani, na hiyo mashine inajuaje ni wewe uliyeita na si mtu wa Mombo. Alinijibu nusu, nusu nyingine nadhani hata yeye hana.

Ukurasa wenyewe ni wa kuuza plamsi za mama. Kwa kuwa kwetu huanzi na bei kabla ya salamu, niliufanya uamkie kwanza: "Shikamoo." Mpaka mgeni abonyeze "Marahaba" ndipo plamsi zionekane. Baba alibonyeza, akatabasamu, akarudia. Bahati mbaya mdogo wangu Amiri, ambaye hata meno ya mbele hana, naye akabonyeza. Tangu hapo anazunguka uani akidai bibi amwamkie.

Baba alinuna. "Mashine inayomwamkia mtoto itamheshimu nani?" Akachukua simu yangu, ndiyo maana fundi wa tovuti anakuandikia kwa kalamu. Akasema plamsi zikiisha mitini bila mtu wa mbali kufungua ukurasa ule na kuagiza, naenda Zirai kwa baba mkubwa kupalilia iliki. Na kompyuta niiage.

Basi nimeurekebisha. Sasa unauliza kwanza: wewe na Kassimu, nani mkubwa? Ukijibu ni wewe, unakuamkia. Ukijibu ni mimi, unanyamaza mpaka uamkie wewe. Bibi amesema sasa mashine imelelewa.

Plamsi zimebaki za matawi ya juu tu, binamu. Barua hii anaileta Paskali wa lori la karoti, na anwani ya ukurasa nimeiandika nyuma ya karatasi. Ufungue, uagize hata ndoo moja, Paskali atakuletea. Baba anashinda dukani kwa Nassoro, macho kwenye kioo.

Najua utabonyeza wapi. Umeisubiri siku hiyo tangu tukichunga mbuzi. Bonyeza tu.

Nisalimie mjomba Shabani na mama Rukia, na Mungu awape afya na mvua ya kutosha huko kwenye vumbi.

Wako akupendaye, na mdogo wako,
Kassimu.

Shikamoo, dada.