Kitabu cha Siku cha Nyumba ya Ziwani

Nyumba Kuu,
6 Juni 1983

Mpendwa Nyanya, Sista Warigia,

Tumsifu Yesu Kristo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la makaratasi linanipigisha chafya kutwa.

Napanga kumbukumbu za shirika kwa ajili ya kitabu cha jubilei. Kitabu chako cha siku cha nyumba ya Ziwani, mwaka 1954, ndicho kisafi kuliko vyote. Lakini tarehe 1 Mei umeandika, "Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi." Nyanya, Baba Mtakatifu aliiweka sikukuu hiyo mwaka 1955. Ziwani mliitangulia Roma?

Nijibu kabla hatujaenda kwa mchapaji.

Mjukuu wako,
Sista Nabiswa

Makadara,
15 Juni 1983

Mjukuu wangu Nabiswa,

Milele amina. Kifua kimechoka, na daktari hanifichi tena. Swali lako limenichekesha mpaka sista anayenitunza akaja mbio. Miaka ishirini na saba nimengoja mtu aione tarehe ile.

Kitabu hicho ni cha uongo. Cha kweli nilikichoma jikoni Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari wa mkoloni walipozingira Ziwani, kwa kuwa kilikuwa na majina ya wanawake waliofichwa katika chumba chetu cha kufulia. Aliyewaficha ni Nzembi, mpishi. Alibishana na askari mlangoni mpaka wanawake wakatoroka kwa mlango wa nyuma. Wakamchukua yeye.

Juni 1956 mkuu mpya wa nyumba, aliyetoka ng'ambo, alidai kitabu. Nilikiandika upya kwa juma moja, kwa kalamu tatu ili kionekane cha siku nyingi; hapo ndipo sikukuu mpya ilipopenya. Kwa hofu nikaandika, "Nzembi ameacha kazi bila kuaga." Agosti akafunguliwa kutoka kizuizini, akaja kuomba kazi yake. Mkuu akafungua kitabu, akamsomea, akamnyima kazi. Nzembi alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Nimeungama kwa padre, lakini padre harekebishi kitabu. Wewe unaweza. Usiniache nife kikiwa hivyo.

Nyanya yako,
Warigia

Nyumba Kuu,
24 Julai 1983

Nyanya mpendwa,

Amani ya Bwana. Unapata usingizi?

Nisamehe kimya changu. Mama Mkuu alikaa na barua yako mwezi mzima. Kwanza alisema, "Sherehe ni sherehe, haya tuyaache." Nikamwambia basi atafute mwingine wa kumaliza kazi. Jana aliniita: barua yako itahifadhiwa jalada moja na kitabu kile, na Nzembi atapata ukurasa wake katika kitabu cha jubilei. Nimeuandika, huu hapa. Ila ametaka binti wa Nzembi ausome kwanza.

Mjukuu wako mkaidi,
Nabiswa

Makadara,
4 Agosti 1983

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Leo nimekunywa uji bakuli zima.

Kanyiva, binti wa Nzembi, amekuja kutoka Mbotela, anakouza mboga. Nilimweleza yote, nikampa ukurasa. Akasoma polepole, kisha akaniuliza, "Sista, siku ile mama alikuambia nini?"

"Hakusema neno."

"Basi nyumbani alisema mengi! Wewe ulitafunwa, hukubakizwa hata sikio."

Tukacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama alikufa akijua mlimwonea. Hilo siwezi kulifuta. Na hapa mmeandika, 'aliwasaidia masista kuwaficha wanawake.' Hapana. Mama ndiye aliwaficha. Masista walimsaidia, halafu wakaacha. Geuza."

Nimegeuza. Yeye alinishikia karatasi. Pembeni ameandika mwenyewe, "Nimesoma. Sasa ni kweli."

Peleka kwa mchapaji hivyo hivyo.

Nyanya yako,
Warigia