Nusu ya Kidonge cha Mama

Mdogo wangu Rehema,

Hamjambo hapo Tanga? Huku ugenini Yeoville, kwa dada Zuhura, baridi inakata masikio, lakini mimi nachemka kwa hasira.

Vile vidonge vya sukari ambavyo Mama humeza nusu, ili nusu nyingine tumtumie dada Zuhura, nimejua vinafanya kazi gani. Dada hana sukari! Vidole vyake vimevimba kwa kusuka nywele kutwa. Mteja mmoja alimwambia kwamba maabara wameona dawa hiyo inatuliza chembechembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zisilete uvimbe. Basi akatudanganya kwamba anaumwa sukari na kliniki zinamnyima dawa kwa sababu ni mgeni.

Nikamwambia palepale saluni, "Kidonda cha Mama mguuni hakikauki."

Hakuacha kusuka. "Eish, mbona hamkuniambia?"

"Mama alikataza, usije ukakosa usingizi. Na vidole vimepona?"

"Bado."

Nawakumbuka sana. Mbusu Mama. Kuanzia leo ameze kidonge kizima, kisha afungue mdomo uangalie, maana hata ukimweleza yote haya, bado atamfichia Zuhura nusu.

Dada yako,
Mwajuma