Neema hana muntu

Anderlecht, Alhamisi

Bon, kumbe Canada hawakufunga.

Mwaka jana mimi na mdogo wangu Neema tuliandaa dossier zetu pamoja, za wafanyakazi wanaotafutwa kule Canada, province ya Nouveau-Brunswick. Akaenda peke yake kwenye mkutano wa waajiri wa kule, akarudi akaniambia, "Yaya, wamefunga." Nikaweka karatasi zangu chini ya kitanda, nikarudi kwenye kazi yangu ya kutunza wazee kule Evere.

Leo tunakula sombe, ananiambia province imemukubali. Anaondoka mwezi wa tisa.

"Si ulisema wamefunga?"

"Yaya, muajiri alikuwa na nafasi moja. Wewe una diplôme ya infirmière, ya uuguzi. Wangekuchukua wewe."

Alisema hivyo na bugali mkononi, kama muntu anayenisifu!

Nikaomba nisome barua yake ya kuomba nafasi. Kifaransa kizuri, mimi ndiye nilimufundisha. Ameandika kama hapa Bruxelles hana muntu, hakuna kitu cha kumurudisha.

"Ni karatasi tu," akasema. "Wanataka kujua kama nitabaki kule."

Karatasi tu. Miaka sita analala kwangu, anakula kwangu, alors...

Canada naweza kuisahau. Ile barua ndiyo inanisumbua. Naogopa pengine hakudanganya.

Kila asubuhi saa kumi na moja mimi ndiye ninamuamsha aende kazini, maana hasikiagi kengele ya simu yake. Kesho simuamshi. Asiye na muntu ajiamshe mwenyewe.