Fagio Nililolipimia Taa

Mwenzangu, nimeumbuka!

Si unajua zile picha za mitindo za mtihani wa chuo, nikifeli narudia mwaka? Jana nilishinda napanga taa. Binamu ndiye mwanamitindo wangu na hakuwepo, basi nikasimamisha fagio la mpini mahali pake, nikalielekezea mwanga. Mbele ya taa nikatundika shuka jeupe la mama, mwanga uwe laini.

Leo binamu kaja, mrefu kama mlingoti. Kifua kinang'aa, uso giza totoro! Nilipima kwa FAGIO, mwenzangu. FAGIO!

Nikiwa nahangaika, mama huyo kaingia kama kimbunga: "Shuka langu la wageni!" Kabla hajaling'oa, kasimama pale pale pa fagio, kidole changu kikabonyeza kamera chenyewe.

Kwa kiwewe nikamtumia mwalimu picha zote. ZOTE!

Kajibu sasa hivi: "Za huyo mrefu rudia. Ila huyu mama mwenye hasira, mwanga umemkaa barabara. Umempata wapi?"

Kumbe mama na fagio kimo kimoja!

Nimemsomea mama ujumbe. Kajitazama kwenye kioo, kisha: "Mwambie Jumamosi nina nafasi. Na hilo shuka ulipige pasi kwanza."