Pembe ya Joto ya Bibi

Shangazi Bokrye, shikamoo. Naomba unisaidie, na nakiandikia kipindi chako cha redio kwa sababu kusema kwa mdomo siwezi, hata darasani jina langu likiitwa huwa naitikia kwa sauti ndogo mpaka mwalimu anadhani sipo. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: kabla ya Mwaka Mpya niliziba ufa kwenye sakafu ya chumba cha bibi yangu, kwa karatasi na uji wa mchele, ili baba asiuone, na baba hakuuona, na tangu hapo kila simu yake ikiita namwachia bibi apokee.

Nina miaka kumi na saba, naishi na bibi huku milimani Bonghwa. Wazazi wangu wako Daegu, ambako kazi ya baba ni kulaza mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu za maghorofa mapya. Nyumba ya bibi ni ya zamani, moto unawashwa jikoni na joto lake linapita chini ya mawe ya sakafu mpaka kwenye dohani upande wa pili, kwa hiyo pembe iliyo karibu na jiko inachoma na pembe ya mbali ina baridi, na ile ya joto ndiyo anayokalishwa mgeni au mkubwa. Zamani bibi alichoma kuni, ila tangu vuli mgongo unamkatalia kupasua, basi sasa tunatumia makaa ya mawe, yale ya duara yenye matundu, na mimi ndiye ninayeyabeba kutoka bandani. Pale penye joto karatasi nene inayofunika mawe ya sakafu imeungua ikawa rangi ya chai. Bibi analala hapo, na hapo ndipo anapoweka bakuli langu la wali lenye kifuniko, chini ya blanketi, kwa sababu huwa nachelewa kurudi kutoka masomo ya jioni. Tuna sufuria ya umeme inayotunza wali ukiwa moto siku nzima, baba mwenyewe aliinunua, lakini bibi anasema wali wa mle unamngoja yeyote, na wali wa blanketini unamngoja mtu mmoja.

Baba anataka kung'oa mawe yote na kuweka mabomba. Siku ya Mwaka Mpya waligombana mbele ya supu. Baba alisema yeye amewapasha joto watu wasiojua hata jina lake, na mama yake mzazi ndiye anayemkatalia. Bibi akamjibu, "Joto lenu limeenea kila mahali kama mafuriko. Mgeni akija nimkalishe wapi?" Baba akavaa koti akaondoka, supu yake hata hakuigusa. Bibi aliila jioni ikiwa imeganda, akasema haifai kutupa chakula, lakini niliona hakuwa na njaa.

Ule ufa ulitokea jiwe moja lilipozama. Bibi alinishika mkono akaniambia, "Mjukuu wangu, baba yako akiona hili, kesho yake analeta nyundo." Nikapika uji, nikabandika vizuri kama mtu anayefunika daftari jipya. Sasa baba atakuja theluji ikiyeyuka, na bibi amenitaka niape kwamba nitasema nyumba haina tatizo. Nampenda bibi, nampenda na baba. Nisimame upande gani? Siku hizi bibi hana raha, nadhani ni mawazo ya ule ugomvi: anaamka kichwa kinamuuma na kichefuchefu juu, anachota maji baridi ya figili zilizochachushwa kwa chumvi kwenye mtungi wa uani, anakunywa, anakaa huko nje kidogo, kisha anapata nafuu. Ndiyo maana sitaki kumwongezea huzuni.

Ni mimi, Garam.

*

Garam, mwanangu. Barua yako nimeikuta asubuhi hii na nimeiweka mbele ya zote, nyimbo zitasubiri. Mtayarishaji wetu anakupigia sasa hivi, pokea. Kama hujapokea, basi nisikie hapa: fungua mlango na madirisha ya chumba cha bibi, mtoe nje na blanketi lake, kisha urudi tuzungumze.

Umeniuliza habari za ahadi. Mimi macho yangu yamenasa kwenye maji ya figili. Wewe umezaliwa juzi, huwezi kujua. Sisi tuliokulia kwenye makaa, mtu akiamka kichwa kinampasuka, tulijua gesi ya makaa imepanda usiku kwenye ufa, na mama zetu walikimbilia mtungi huohuo. Maji yale hayatibu. Anapata nafuu kwa sababu ameketi nje penye hewa safi, basi. Dada yangu mkubwa alinyweshwa asubuhi moja nikiwa nimeshika taa. Hakuyameza.

Na bibi yako anajua maana ya maji yale kuliko mimi. Hilo ndilo linaloniudhi. Bibi wa Garam, kama redio ya jikoni iko wazi: mama yangu, heshima yako iko palepale, lakini umemfundisha mtoto kukuzibia kaburi kwa uji wa mchele. Karatasi inazuia macho ya mwanao. Gesi haiizuii.

Wewe Garam, usilie ukachelewa. Ulimpenda kwa njia aliyokuonyesha yeye. Usimpende hivyo tena hata usiku mmoja. Moto wa mle usiwashwe tena. Mpeleke zahanati leo, uwaambie wazi kwamba ni gesi ya makaa, wampime damu, na wewe wakupime. Masomo ya leo yatakusamehe. Usiku akalale kwenye ukumbi wa kijiji pamoja na wazee wenzake. Siku hizi sakafu ya kila ukumbi wa kijiji ni ya mabomba, na sijawahi kusikia bibi hata mmoja akiilaumu akiwa ameshika karata.

Halafu mpigie baba yako umwambie yote, uji ukiwemo. Sauti yako ikiwa ndogo, msomee barua hii uliyoniandikia.

Kuhusu sakafu: mawe yang'oke. Lakini baba naye ana lake la kusikia. Ndugu fundi, ulimpelekea mama yako sakafu ya wateja wako. Maji ya moto yaingie kwanza pembe ile anayolala, na mabomba ya hapo yakaribiane kuliko ya kwingine. Mkiniambia haiwezekani, nitauliza kama mmejaribu.

*

Shangazi, shikamoo tena. Ulipoanza kusoma nilikuwa navaa soksi. Sikungoja umalize. Nilifungua madirisha, bibi akanikaripia kwamba namtoa kwenye baridi kama paka, nikamvuta hivyohivyo. Tukakaa kwenye ngazi ya barazani, na redio ikaendelea kusema ndani. Ilipofika kwenye habari za ule mtungi, bibi aliacha kunikaripia. Akanifunika nusu ya blanketi.

Zahanati walimpima, wakatutuma hospitali ya mjini kwa gari lao, akavutishwa hewa kwa kifuniko cha puani mpaka alasiri. Mimi walisema niko salama kwa kuwa chumba changu kiko mbali na jiko. Nilimpigia baba nikiwa kwenye varanda ya hospitali. Nilijaribu kueleza nikashindwa, nikamsomea nakala ya barua yangu kwako. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama bibi amekula.

Alikuja siku ileile. Alibandua karatasi yangu kwa kucha, polepole. Kwa bibi alisema tu, "Mama, kwa nini hukuniambia kichwa kinakuuma?" Bibi akamjibu, "Ungesikia kichwa, au ungesikia sakafu?" Baba akachukua futi kamba, akaanza kupima pembe anayolala bibi.

Bibi alilala ukumbini kazi ikifanywa na saruji ikikauka. Wenzake walimtania kwamba mafuriko yamemzoea. Mawe yaling'olewa yote, ila bibi alichagua moja, lile jeusi kuliko mengine, baba akaliweka uani chini ya mtungi wa figili.

Boila ya kupashia maji ilipowashwa, bibi alipiga magoti mlangoni akaanza kupapasa sakafu kwa kiganja, akisogea, akisogea, baba akimtazama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Alipofika kwenye pembe yake mkono ukasimama. "Hapa," akasema.

Juzi nilirudi kutoka masomo ya jioni. Bibi alikuwa amelala. Nilifunua blanketi nikakuta mabakuli mawili. La pili lilikuwa la baba, aliyekuwa bado njiani kutoka Daegu. Nikalifunika tena, nikachukua langu, nikala.