Eliakim, Ziwa Halijakurudisha

Mwaka umetimia leo, Eliakim, Baba Tupokigwe, tangu uingie Ziwa Rukwa mbele ya macho yetu. Hujatoka.

Wewe na lile ziwa, jamani! Wenzako wa gereji hapa Tunduma wakipata mapumziko wanalala. Wewe unapakia sufuria, mkeka na watoto, safari ya Ivuna, kando ya ziwa, na barabara ya Chitete ilivyo mbovu. Kipupwe tulikaa ufukweni na masweta, tukiangalia ndege. Kiangazi, maji yakirudi nyuma, ulichora uwanja palipokauka, ukacheza mpira pekupeku na mwanao Jairo na watoto wa wafugaji. Mkeo Ferista aliita chakula mpaka sauti ikamkauka. Samaki walioiva uliwagawia wale watoto kwanza, sisi baadaye.

Masika yametumaliza. Mpira uliangukia majini, palepale palipokuwa uwanja wetu. Ferista akasema, "Baba Tupo, achana nao, tutanunua mwingine." Ukacheka, "Mama, hapa napajua kama sebuleni kwangu. Maji ya magotini tu." Ubishi wako huo! Hukujua kwamba mto unaoingia ziwani hapo umechimba chini. Tulikuona maji yakifika magotini, kisha kifuani, basi. Wavuvi walikutafuta, wakaambulia patupu.

Wazee wa kwenu Ileje walitaka tuzike nguo zako, upate kaburi, msiba uishe. Ferista alikataa katakata. "Nikizika nguo zake, nimemuua mimi." Pikipiki ikisimama nje, anatoka mbio kuangalia. Mama yako, Gwantwa, akamwambia, "Mwanangu, mimi niliyemzaa nimechoka kungoja." Hakusikia la mtu.

Juzi Tupokigwe akamuuliza, "Mama, baba akirudi atanijua? Nimekua." Ferista alikaa chini, akalia sana, kisha akafungua kabati na kutoa suti yako ya harusi.

Jumamosi tutaizika kwenu Ileje. Mchungaji atakuja, majirani watakuja, na shimo litachimbwa la mtu mzima. Tusikudanganye, hatuoni faraja yoyote humo.

Unakumbukwa na mkeo Ferista, mama yako Gwantwa, wanao Tupokigwe na Jairo, na ndugu wote wa Ileje na Tunduma.

Utusamehe, Eliakim, tumeacha kukungoja. Kukukumbuka hatutaacha kamwe.