Aliyekuja Kumuulizia Upendo

Mnyambe, Newala
22 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Veridiana,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini toka huku hadi Mwanza ni mbali, nimeona niitangulize ili shikamoo yako ikifika isikute mlango umefungwa. Hamjambo huko? Shemeji Kulwa kifua kimepoa? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao tangu tuanze kupulizia mikorosho dawa umegoma kabisa.

Habari kubwa ni ya mwanao. Mwezi wa pili alikuja kijana kutoka Masasi, anaitwa Charles, shati kalichomekea, amefuatana na mama mmoja wa makamo. Wakauliza kama hapa ndipo anapoishi Upendo, anaamka saa ngapi, ni mtu wa namna gani. Hebu sema, ungefikiri nini? Mimi ndiye mjomba, kauli ni yangu. Nikamwambia Mama Dickson akamate kuku, nikaketi vizuri, nikaanza kujibu kwa mafumbo kama inavyotakiwa: kwamba binti bado tunamtazama, kwamba hasikii tangu ile homa ya utotoni, kwamba kwetu hatuna haraka.

Charles alinisikiliza mpaka mwisho, maskini. Ndipo akaeleza kuwa kazi yake ni kuwatafutia ajira watu wenye ulemavu na kukaa nao kazini mpaka wazoee, na kwamba kiwanda kidogo cha korosho pale Masasi kina nafasi. Mke anaye nyumbani, na yule mama ni mwenzake wa kazi. Kuku wakati huo yumo chunguni.

Nikakataa. Nani atamwita wakati wa chakula? Nani atamjibia? Charles akasema, "Mjomba, wewe nimekusikia. Sasa naomba nimuulize mwenyewe."

Wakazungumza kwa mikono, kasi kama watu wanaopepeta mtama. Miaka yote hii sikujua kama ana maneno mengi kiasi kile. Mwisho Upendo akaingia ndani, akatoka na begi lake. Ndilo likawa jibu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kengele ya chakula ililia, wenzake wakatoka, yeye akabaki anachambua korosho, nzima huku, zilizovunjika kule, mpaka chakula kikaisha. Msimamizi akaanza kusema labda kazi hii haimfai. Charles hakubishana naye. Alikwenda akaketi kando ya Upendo wiki kadhaa, akapatana na Ziada, wanayekaa naye meza moja, awe anagonga meza kengele ikilia, kisha akawafundisha wote ishara za kazi. Sasa akina mama wanasengenyana kwa mikono na msimamizi anapita katikati yao hana habari. Wiki iliyopita wamemthibitisha. Ni mwajiriwa, mwanao. Amepanga chumba Mkomaindo, hapo hapo Masasi, pamoja na huyo Ziada.

Basi nyumba imepoa. Ajabu, mtu asiyesema neno ameondoka na sauti zote. Alfajiri natega sikio nisikie ufagio wake uwanjani, kimya. Mama Dickson bado anapika ugali wa kumtosha naye, na ni mimi ninayeumaliza, kwa huzuni.

Jumamosi nyingine Upendo huja kututazama. Akisha kula hugusa shavu kwa kidole, pale penye kishimo chako cha kucheka. Hilo ndilo jina lako mikononi mwake. Kisha hufungua viganja kuniuliza: lini? Nawe unanijua, ishara zangu zinatosha kula, kulala na kufukuza mbuzi. Ya siku za mbele ninayo moja tu, kesho. Basi kila mara namjibu kesho, naye kila mara huitazama njia ya basi.

Jana ameuliza tena. Kabla sijanyanyua mkono wangu akaushika, akanifundisha ishara mpya, polepole, mpaka nikaiweza: sijui.

Nimeishika vizuri, Veridiana, lakini sitaki kuitumia. Njoo. Hata kama ni siku mbili, hata kama utanikuta na mgongo huu. Tutakwenda Masasi asubuhi, usimame mlangoni umwone mwanao akiingia kazini.

Mama Dickson anakusalimu sana. Nisalimie shemeji, mwambie kuku wake naye yupo, na safari hii hatuchinji kwa kukosea. Mungu awafunike nyote na awafungulie njia.

Kaka yako akupendaye, anayekungoja pamoja na mwanao,
Silvano